Mbwa wa kuokolewa kaja, mwenye nyumba kanuna: dalili moja moja na cha kufanya

Usiku wa pili baada ya kumleta Shaba kutoka shelta (kituo cha wanyama waliookolewa), Bosi, mbwa wetu wa siku zote, alilala kwenye korido akiukodolea macho mlango wa chumba cha mgeni mpaka alfajiri. Hakubweka wala hakunguruma, alikuwa pale tu, masikio mbele, na chakula chake cha jioni kilikuwa bado kwenye bakuli kama tulivyokiweka. Sisi tulikuwa tumejipanga kwa ajili ya mgeni, kola mpya, blanketi, keji, tumeuliza kila mtu anayejua mbwa waliotoka shelta wanakuwaje, na hatukuwa tumejiuliza swali hata moja kuhusu huyu wa miaka 9 ambaye nyumba ni yake.

Kwa hiyo haya maelezo nayapanga kwa dalili, maana mtu akishafika kwenye shida hataki nadharia, anataka kujua hiki ninachokiona ni nini na leo usiku nifanye nini. Ila kuna jambo moja nitalirudia hadi ulichoke: dalili ikitokea kwa mgeni (mbwa mpya), mwangalie na mwenyeji (mnyama uliyekuwa naye tangu zamani). Mara nyingi sana mbwa wa kuokolewa anabebeshwa lawama ya kitu ambacho chanzo chake ni mwenyeji anayeumwa, au mwenyeji aliyebanwa, au sisi wenyewe tuliowakutanisha mlangoni dakika ile ile gari lilipozimwa.

Kwanza ujue uko ngazi ya ngapi

Karibu kila dawa huko chini inasema "shuka ngazi", sasa lazima uzijue ngazi zenyewe. Ya kwanza kila mmoja ana chumba chake, mlango umefungwa, hawaonani, ila harufu inasafiri: unachukua blanketi la huyu unampelekea yule, unamfuta mgeni kwa kitambaa unakiacha karibu na anapolala mwenyeji. Ya pili wanaonana kupitia geti dogo au wavu, dakika chache tu, kila mmoja anapata kitu kitamu akiwa upande wake. Ya tatu ni kutembea pamoja nje, sehemu ambayo sio himaya ya yeyote, watu wawili kila mtu na mbwa wake, mnaanza mbali hata mita 15, mnaelekea upande mmoja, na mnasogeleana kadiri miili yao inavyolegea. Ya nne wako ndani pamoja, mgeni amevaa kamba nyepesi inayoburuta ili ukihitaji kumtoa usimkamate shingoni. Ya tano wako huru ila mtu mzima anaangalia, na kuangalia maana yake simu iko mfukoni. Kuwaacha peke yao ukiwa umetoka, hiyo ni ya sita, na sisi tuliifikia mwezi wa nne tangu Shaba aje.

Kama mwenyeji ni paka basi ile ya matembezi inaondoka, nitafika huko.

Watu wa shelta wana hesabu yao ya 3-3-3: siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kushika ratiba, miezi 3 za kuanza kuona hapa ndo kwao. Sio sheria, wengine wanachukua mwaka, lakini inasaidia kukutuliza. Sisi tuna ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa huyu usiutumie. Siku ya tatu ndo kwanza ameanza kusinzia bila kushtuka.

Mgeni hali, kajificha nyuma ya sofa

Siku 2 au 3 za mwanzo hii ni mshtuko. Ametoka kwenye kelele za mabanda, huenda na barabarani kabla ya hapo, na homoni za hofu hazishuki kwa sababu wewe una nia njema. Usimvute atoke. Usimkalie mbele ukimbembeleza. Weka maji na chakula karibu na alipojificha, kaa sakafuni umempa ubavu na sio uso, soma kitu, nyamaza. Shaba alikula mara ya kwanza saa 8 usiku nyumba nzima imelala, tulijua tu kwa sababu asubuhi tulikuta bakuli limesogea hadi ukutani kwa kulambwa.

Lakini asipokunywa maji siku nzima, au chakula amegoma na juu yake anatapika, anaharisha, amelegea, hapo mshtuko umeisha ni ugonjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa asiyekula usimsubirie hata siku moja.

Na mwenyeji yuko wapi wakati huo? Kama analala mlangoni kama alivyofanya Bosi, mgeni anajua kabisa kwamba njia ya kutoka ina mlinzi. Tulipomhamishia Bosi chumbani kwetu, usiku ule ule Shaba alizunguka sebule yote akinusa.

Wiki mbili mpole, ya tatu kabadilika

Mbwa mwenye hofu anajifunga, anatulia ili asionekane, na wageni wanasema jamani huyu ana adabu. Akishalala usingizi wa kutosha anaanza kutoa alichonacho: kubweka dirishani, kulinda bakuli, kumpanda mwenzake, kumkatalia mtu asimshike miguu. Wengi hapa wanapiga simu shelta wanasema mmetudanganya. Hawajakudanganya, na wao walikuwa hawajamwona akiwa ametulia.

Chanzo kikubwa cha vurugu za wiki ya tatu ni uhuru aliopewa wiki ya kwanza. Tulimwonea huruma tukampa nyumba nzima, kitanda, sofa, kila kitu, sasa tunaanza kumnyang'anya na yeye haelewi. Punguza eneo. Vyumba viwili, ratiba ileile, kula saa ileile, kulala muda mrefu, maana mbwa mzima anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 14 kwa siku na mbwa aliyekosa usingizi ni mkorofi kama mtoto aliyekosa usingizi.

Mwenyeji ananguruma kila mgeni akipita

Hii ndo inayowatisha watu kuliko zote na ndo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mtu anamfokea anayenguruma, "nyamaza, acha wivu!", na baada ya wiki moja mbwa kweli ananyamaza, afu siku moja anang'ata bila onyo na watu wanasema kabadilika ghafla. Hakubadilika ghafla, ulimfundisha aache kuonya. Kunguruma ni mbwa anakuambia kwa maneno yake kwamba amefika mwisho, msikilize, mwondoe mgeni taratibu, afu ukae chini utafute kwa nini.

Hiyo kwa nini ina majibu kama manne hivi na usiyachanganye.

Maumivu, anza hapa kama mwenyeji ana umri. Bosi alikuwa ananguruma Shaba akitokea nyuma yake tu, au akiwa amelala na mwenzake anamruka kupita. Akiwa amesimama wakitazamana uso kwa uso hakuwa na neno. Sisi tukasema wivu, wivu, mwezi mzima wivu. Daktari alimlaza, akamkunja mguu wa nyuma polepole, na Bosi ambaye hajawahi kuleta shida kwenye meza ile aligeuza kichwa akaushika mkono wa daktari kwa mdomo, hakuuma, aliushika tu akaganda nao. Viungo vya nyonga vilikuwa vimechoka. Alikuwa anaishi na maumivu yale kabla Shaba hajaja, ila kabla ya Shaba hakukuwa na mtu wa kumgonga nyonga. Dawa zilipoanza kufanya kazi nusu ya ngurumo ziliisha bila mafunzo yoyote, na hadi leo nikikumbuka ule mwezi wa kumfokea inaniuma. Masikio yenye uchafu, jino bovu, macho yanayopoteza nuru, vyote vinatoa ngurumo ileile, kwa hiyo kabla hujamwita mtu wa kufundisha mbwa anza kwa daktari.

La pili ni mali. Bakuli, mfupa, mpira, kitanda, wewe. Ukiona ananguruma sehemu moja tu au karibu na kitu kimoja tu, ndo hii. Anakula huku mwili umekakamaa, anaongeza kasi mgeni akikaribia, jicho linatupwa pembeni hadi weupe unaonekana. Kila mmoja ale nyuma ya mlango uliofungwa, bakuli ziinuliwe wakimaliza, mifupa na vitu vya kutafuna vitoke sakafuni kabisa hadi siku nyingine. Usimwekee mkono kwenye bakuli "azoee", hiyo inamthibitishia kwamba kweli mnamwibia.

La tatu ni njia. Pima nyumba kwa macho ya mbwa. Korido nyembamba, mlango wa jikoni, nafasi kati ya meza na kochi, hapo mbwa wawili hawana namna ya kupishana kwa heshima, maana mbwa wenye adabu husogeleana kwa kuzunguka kama upinde, na korido inawalazimisha kuja uso kwa uso. Sogeza kochi. Sisemi kwa mfano, sisi tulisogeza kochi nusu mita.

La nne ni uchovu, hasa mgeni akiwa kijana anayerukia midomo ya wenzake siku nzima. Mbwa wazima huwavumilia watoto wadogo sana, wakishavuka miezi minne mitano uvumilivu unapungua na mtoto haelewi mbona jana niliruhusiwa. Mwenyeji anahitaji sehemu ambayo mgeni haingii kamwe, na anahitaji matembezi yake mwenyewe na wewe, peke yenu, kama zamani. Hii ya mwisho watu wanaisahau kwa sababu muda hautoshi, naelewa, hata dakika 15 zinatosha.

Wamepigana

Wakiwa wameshikana usiingize mkono katikati na usishike kola, ndo namna watu wengi wanang'atwa na mbwa wao wenyewe ambao hata hawakujua wanamng'ata nani. Kelele kubwa ya ghafla, gonga sufuria, mwagia maji, sukuma kiti au mto mkubwa au ubao kati yao. Wakiachana kila mmoja chumbani kwake, mlango ufungwe, na hakuna kuwarudishia pamoja dakika tano baadaye "waombane msamaha". Damu bado inachemka, wape siku, na wakirudi wanarudi ngazi ya pili.

Kagua majeraha kwa kupapasa chini ya manyoya maana meno ya mbwa yanatoboa tundu dogo juu na kuchana nafasi kubwa chini ya ngozi, linafunga juu halafu linatunga usaha. Na kama binadamu ameng'atwa au amekwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali siku hiyohiyo, hasa kama huna uhakika na chanjo ya kichaa cha mbwa ya mgeni. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna anayetegemewa kupona, kwa hiyo hapa hakuna kusubiri tuone.

Afu andika. Kweli, chukua kalamu. Ilikuwa saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, kulikuwa na chakula, kengele ililia, nani aliganda kwanza. Ukiandika mara tatu utaona kinachojirudia. Kwetu mara zote mbili ilikuwa mtu anaingia mlangoni: wanakimbilia wote, msisimko unapanda, Bosi anagongwa nyonga, anageuka. Yaani mgeni aliyegonga mlango hodi ndo aliyekuwa cheche. Tukaanza kuwafungia kila mmoja kwake kabla ya kufungua mlango, hawajapigana tena.

Watu watakuambia fahali wawili hawakai zizi moja, mrudishe. Mapigano ya kelele nyingi bila majeraha mara nyingi yanarekebishika. Yanayotia wasiwasi ni ya kimyakimya, yenye majeraha, yanayorudi, na hasa majike wawili walioishi pamoja wakaanza kuchukiana, hiyo ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Jike akiwa kwenye joto, zile kama wiki 3, tenganisha kabisa, hata madume waliokuwa marafiki jana wanaweza kugombana. Kuhasi kunasaidia hapo ila hakutibu hofu wala maumivu, na dume aliyehasiwa anabaki na homoni na uwezo wa kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa baada ya operesheni.

Sijui wanacheza au wanagombana

Mchezo umelegea, una vituo, wanabadilishana zamu ya kukimbizwa, mmoja anainamisha kifua chini matako juu. Ugomvi umekakamaa, mkia juu kama fimbo, midomo imefungwa, kuna sekunde moja ya kuganda kabla ya kishindo. Ukiwa na shaka mshike yule anayekimbiza. Yule mwingine akirudi mwenyewe kumchokoza, ni mchezo, waachie. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, alikuwa hafurahii, mpe mapumziko.

Mwenyeji ni paka

Kwetu kuna Pusi pia, na nakiri ndo alikuwa kazi kubwa kuliko mbwa wote wawili.

*Paka haonekani, hashuki kabatini.* Siku za mwanzo ni sawa, paka akiogopa anapanda juu. Shida ni kama vitu vyake vyote viko chini kwenye njia ya mbwa. Chakula, maji, boksi la mchanga, vyote viwe chumba ambacho mbwa hafiki, na kuwe na njia ya juu ya kutoka hapo kwenda sehemu nyingine, rafu, kabati, meza, bila kugusa sakafu. Tuliweka geti la watoto lenye uwazi chini ambao Pusi anapenya na mbwa hawawezi, kitu kidogo lakini kilibadilisha nyumba.

*Paka hali.* Hapa usicheke na muda. Mbwa anaweza kugoma siku mbili akawa sawa, paka hapana. Paka asipokula mwili unaanza kupeleka mafuta kwenye ini na ini linaziba, na walionenepa wako kwenye hatari zaidi. Saa 24 bila kugusa chakula, piga simu kwa daktari.

*Paka anakojoa nje ya boksi.* Angalia kwanza kama mbwa anamvizia akiwa humo, au anakula uchafu wa humo, ambayo ndo tabia yao. Boksi lenye mfuniko na mlango mmoja ni mtego kwa paka aliyekwisha kuviziwa, ondoa mfuniko. Lakini kama ni paka dume na anaingia boksini mara kwa mara, anajikamua, analia, na kinachotoka ni matone au hakuna, sahau habari ya mbwa, njia ya mkojo inaweza kuwa imeziba na hiyo inaua kwa muda mfupi sana. Usiku au mchana, nenda. Msongo wa mawazo unachangia haya magonjwa ya kibofu kwa paka, ndo maana kipindi cha mgeni kuingia ndo kipindi cha kuangalia mchanga kila siku.

*Mbwa anamkodolea paka macho.* Kuna udadisi na kuna uwindaji, na tofauti iko kwenye kama anaweza kuacha. Mwite jina. Mdadisi ananusa, mkia unacheza, anageuka kukutazama, anapokea kitu kitamu, anarudi kuangalia. Mwindaji amenyamaza kimya, kichwa kimeshuka usawa wa mabega, mguu mmoja umeinuliwa, wakati mwingine anatetemeka, na ukimwekea nyama puani haioni. Wa kwanza anafundishika: mbwa kwenye kamba, paka juu, kila mbwa akigeuza macho kutoka kwa paka anapata zawadi, dakika 5, mara nyingi kwa siku kwa wiki kadhaa. Wa pili usijaribu mwenyewe na usimwamini kwa sababu amekaa siku tatu bila tukio. Paka akikimbia mara moja inatosha.

Na hapa tena rudi kwa mwenyeji. Paka anayekimbia kila anapomwona mbwa anamfundisha mbwa kukimbiza. Ukimpa paka sehemu za juu akaacha kukimbia, nusu ya tatizo la mbwa linaisha, bila kumgusa mbwa.

Kukojoa ndani

Mgeni akikojoa mara nyingi hajui, huenda hajawahi kuishi ndani. Mtoe kila akiamka, akila, akicheza, msifie palepale nje, usimsugue pua kwenye mkojo, atakachojifunza ni kujificha akikojoa. Mwenyeji akianza kukojoa ndani, na hakuwahi, hapo kuna mambo mawili: anaweka alama, matone kidogo kwenye kuta na pembe za viti, au anaumwa, madimbwi makubwa na kunywa maji mengi. La pili ni la daktari. Usafi ufanyike kwa dawa yenye vimeng'enya inayovunja harufu, zile zenye amonia ziache, pua ya mbwa inaziona kama mkojo mwingine.

Mgeni kanigandia, mwenyeji hawezi hata kunisogelea

Mnaita mapenzi, na mimi niliita mapenzi. Anajiweka kati ya miguu yako, mwenyeji akija anakakamaa, mwenyeji anaona bora aende akalale jikoni. Kila unapoendelea kumpapasa wakati huo unamlipa kwa kukulinda. Simama uondoke, bila hasira bila kelele, kila mara. Umakini wako unaondoka mgeni akikakamaa na unarudi akilegea. Na mwenyeji akienda zake jikoni usiseme amekubali, mfuate wewe.

Anaharisha, anakohoa, anajikuna

Kuharisha kidogo wiki ya kwanza kunatokana na kubadilishiwa chakula ghafla na mshtuko. Uliza shelta walikuwa wanampa nini, endelea nacho, changanya kipya kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Minyoo pia, mpe dawa kwa uzito wake kama daktari alivyosema, na wenyeji wote wapewe siku hiyohiyo, ukimtibu mmoja unafanya kazi bure.

Kuharisha damu, kutapika, kulegea, hasa mtoto wa mbwa: inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na ni dharura. Virusi vyake vinakaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviui, dawa yenye klorini inaviua. Kikohozi kikavu kama anataka kutapika kitu huenda ni kile kikohozi cha mabandani, mara nyingi ni chepesi lakini kinaruka kwa hewa. Makamasi mazito, macho yenye tongotongo, homa, afu misuli kuanza kucheza, huenda ni distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, na hiyo ni mbaya. Dalili za magonjwa haya zinaweza kuchukua wiki mbili au hata zaidi kujitokeza, ndo sababu nyingine ya kutowachanganya mapema, na ndo sababu chanjo za mwenyeji zihuishwe kabla mgeni hajavuka kizingiti. Upele wenye kuwasha sana pembeni mwa masikio na kwenye viwiko, na wewe mwenyewe ukianza kujikuna kiunoni, ni wadudu wa ukurutu, mnatibiwa nyumba nzima. Na dawa za viroboto na kupe za mbwa usimpake paka kamwe, baadhi zina permethrin, sumu ya wadudu ambayo inaweza kumuua paka.

Kuna sungura, ndege au kuku

Nitakuwa mfupi. Kuna mbwa ambao silika yao ya kuwinda hairekebishiki kwa usalama, na sungura anaweza kufa kwa hofu bila hata kuguswa. Milango miwili kati yao kila wakati, au uchukue mbwa mwingine.

Nimefanya yote na haikai

Miezi mitatu imepita, daktari ameangalia wote, mmeshuka ngazi mara nne, na mwenyeji bado hali vizuri, analala jicho wazi, anakonda. Au kuna majeraha mara ya pili. Au kuna mtoto mdogo ndani na mbwa anaganda akikaribiwa. Hapo tafuta mtu aliyesomea tabia za wanyama, anayefanya kazi bila kupiga na bila mnyororo wa miiba, aje aone nyumba yenyewe. Akisema hawa wawili hawawezi kuishi pamoja, msikilize, na usimfiche mgeni uani kwa kamba miaka yote kwa sababu ya aibu ya kumrudisha.

Ukimrudisha nenda na karatasi. Andika ukweli wote, pamoja na alichofanya kibaya, maana nyumba inayofuata inauhitaji. Andika anakula saa ngapi, anaogopa nini, anaitikia neno gani, ni upande gani wa sikio anapenda kukunwa, kwamba hana shida na watoto lakini paka hapana, kwamba peke yake bila mbwa mwingine alikuwa analala chali. Na umpe blanketi lake aondoke nalo, usilifue.